Furaha ya mwenzako: neno la Wabuddha katika baraza ya Kibokoni

Wakazi wa Kibokoni hawangoji gazeti kujua habari za Kibokoni. Nyumba zimeegemeana, roshani zinakaribia kupeana mikono juu ya vichochoro, na nazi ikikunwa nyumba hii, nyumba ya tatu wamekwisha kujua chakula cha leo ni nini. Basi jirani yangu alipoagiza mlango wa nakshi kutoka Lamu, habari zilifika barazani hata kabla fundi hajapokea arubuni yake.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa watu watano au sita, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu. Mmoja akasema mlango ni wa mbambakofi. Wa pili akakataa, akasema ni msaji, tena una mfaa uliochongwa maua toka juu hadi chini. Wa tatu akataja bei, na bei hiyo ilipanda mara mbili kabla vikombe havijajazwa tena. Kila mmoja wetu alisema "Mashallah". Hata mimi nililisema. Ila langu lilitoka kama fedha za mtu anayelipa deni mbele ya mashahidi.

"Wewe mbona wanuna?" akaniuliza mzee aliyekaa pembeni.

"Sikununa, baba."

"Basi uso wako haujapata habari."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini msomaji, maneno yale yaliniingia. Kijana wa jirani yangu yuko Doha. Wangu yuko nyumbani, na cheti chake cha ufundi wa umeme kimekaa kabatini mwaka wa tatu sasa. Watoto hawa walisoma chuo kimoja, wakacheza mpira katika uchochoro mmoja, na wote wawili wakachapwa siku moja kwa kuvunja kioo kimoja. Leo mmoja anamletea babake mlango wa nakshi. Mwingine anamwomba babake nauli ya tuktuk.

Mzee yule ni baharia mstaafu. Alizunguka na meli za mizigo miaka mingi, na sisi barazani humwita Mzee Baharia tu, jina linamtosha. Aliponiona nimenyamaza aliweka kikombe chini akasema, "Huko Colombo kuna watu wana neno zima kwa hilo linalokushinda. Si neno la kijicho, la kijicho tunalo. Neno la kile ambacho kijicho kinakizuia."

Neno lenyewe ni mudita. Ni la Kipali, lugha ya kale ambayo Wabuddha wa Sri Lanka, Burma na Thailand wameandikia vitabu vyao vya dini. Maana yake ni furaha ya kuona mwenzako amepata. Si kumpongeza, maana pongezi ni ya mdomo. Si kutaka nawe upate, maana hapo umekwisha kurudi kwa nafsi yako. Ni kufurahi kwa sababu yeye amepata, basi.

Wabuddha huhesabu hali nne za moyo ambazo mtu apaswa kuzilea kama alezavyo mche. Ya kwanza ni metta, yaani kuwatakia viumbe wote heri. Ya pili ni huruma kwa aliye katika taabu. Ya tatu ni hii mudita. Ya nne ni utulivu wa moyo usioyumbishwa na mazuri wala mabaya. Mtu akiniuliza ipi ngumu zaidi kwa mkazi wa mji wenye nyumba zilizobanana, sitafikiri mara mbili. Huruma tunayo. Akifiwa mtu Kibokoni, viti, sufuria na chai hufika kabla machozi hayajakauka. Mgonjwa huchangiwa. Ni rahisi kumwendea mtu aliyeanguka, kwani unamtazama kutoka juu. Aliyepanda ndiye mtihani.

Nilipata hamu ya kulijua jambo hili zaidi, nikasoma. Mwalimu mkubwa wa elimu hii ni Buddhaghosa, mtawa aliyeandika katika karne ya tano huko Anuradhapura, Sri Lanka. Kitabu chake kikuu chaitwa Visuddhimagga, ambalo ni kusema Njia ya Utakaso. Humo anasema wazi kwamba kazi ya mudita ni kutokuwa na husuda. Tena hasemi tu, anafundisha namna, hatua kwa hatua, kama fundi anayemwelekeza mwanagenzi wake jinsi ya kushika tezo. Katika metta, asema, mtu aanze na nafsi yake. Katika mudita asianze na nafsi yake, wala asianze na adui. Aanze na rafiki mmoja wa karibu, na sifa anayompa rafiki huyo ilinifanya niweke kitabu chini nitazame dirishani: awe ni mtu mchangamfu daima, anayecheka kwanza ndipo akasema.

Nani asiyemjua mtu huyo? Sisi kwetu ndiye muuza kahawa. Humsikia kwa mlio wa vikombe kabla hajatokea kwenye kona, dele mkono mmoja, na akikufikia huwa amekwisha cheka tayari, wewe ndiwe unayetafuta sababu.

Baada ya rafiki huyo, Buddhaghosa amtaka mwanafunzi ageukie mtu ambaye si wa karibu wala si wa mbali, mtu wa njiani tu. Kisha, moyo ukiwa umelainika, amgeukie yule anayemkera. Na anatahadharisha jambo jingine: mudita ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali ni chuki na kuchoshwa na heri za watu. Wa karibu ni furaha ya kidunia inayofanana nayo kwa sura. Mimi naielewa hivi: yule anayeshangilia harusi kwa sababu ya biriani, huyo hakumfurahia bwana harusi. Nadhani wengi wetu tumewahi kwenda harusi ya namna hiyo.

Hapa yafaa niseme neno kwa msomaji anayekunja uso. Je, Mji wa Kale wa Mombasa, wenye misikiti mikongwe kama Mandhry, wahitaji masomo kutoka kwa watu wa Buddha? Mimi sitafuti dini nyingine, na Mzee Baharia, aliyetia nanga katika bandari za Wabuddha mara zisizo na hesabu, bado ndiye anayefika msikitini kabla yangu. Lakini kufunzwa adabu na mgeni si jambo jipya katika mji huu wa bandari. Wala Buddha mwenyewe si mgeni kama tunavyodhani. Kisa cha mwana wa mfalme aliyefungiwa ndani ya kasri asipate kuona ugonjwa, uzee wala mauti, kiliingia katika Kiarabu zaidi ya miaka elfu iliyopita kwa jina la Bilawhar na Budhasaf. Ndicho kisa cha Buddha, kimebadilishwa nguo. Ibn Babawayh, mwanachuoni wa Kishia aliyefariki mwaka 991, alikitia katika kitabu chake Kamal al-Din. Waismailia nao walikihifadhi, na mwaka 1889 kikapigwa chapa Bombay, bandari ile ile iliyokuwa ikitusafirishia vitambaa. Wakristo walikipokea kupitia lugha za Georgia na Kigiriki, wakamfanya mwana wa mfalme yule kuwa mtakatifu wao, Josaphat, bila kujua walikuwa wanamheshimu nani. Kisa kizuri hakiulizwi pasipoti.

Tena Wabuddha wenyewe wako nasi Afrika Mashariki tangu zamani. Dar es Salaam kuna hekalu lililoasisiwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi Tanganyika mwanzoni mwa karne iliyopita, na uwanjani mwake umesimama mti wa bodhi, wa jamii ya mkuyu, uliotokana na mche wa Sri Lanka. Buddha, wasema wafuasi wake, alipata nuru ya moyo akiwa amekaa chini ya mti wa namna hiyo. Wasinhala wengi walikwisha ondoka, mti ukabaki na kivuli chake.

Lakini ninayetaka kumtaja zaidi si Msinhala. Ni Mganda. Steven Kaboggoza alizaliwa Uganda mwaka 1966, akalelewa Kikatoliki, na mwaka 1990 akaenda India kusomea biashara. Huko alikutana na watawa wa Kithai waliokuwa wanafunzi kama yeye. Safari iliyokusudiwa kumrudisha na shahada ya biashara ikampeleka kwingine kabisa: akakaa Asia, wakati mmoja akifundisha watu kupiga mbizi huko Thailand, na mwaka 2002 akatawazwa kuwa mtawa katika jimbo la California, Marekani, mbele ya U Silananda, mtawa mkubwa kutoka Burma. Jina lake likawa Buddharakkhita. Mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabuddha cha Uganda karibu na Entebbe, kando ya ziwa.

Mtu afikirie kidogo. Mwana wa watu anaondoka kusoma biashara, ukoo mzima unangoja aje na suti, anarudi kanyoa kichwa, kavaa joho la rangi ya udongo mwekundu, na mkononi ana bakuli. Mtawa wa Kibuddha hapiki wala hanunui, hula anachopewa. Katika nchi za Asia, watu wakiona bakuli wanajua la kufanya. Uganda nani angejua? Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 jinsi watu walivyolishangaa lile bakuli, wengine wakidhani ni ngoma. Anasimulia mambo hayo kwa kicheko, bila kinyongo. Na mama yake mzazi, badala ya kumlilia mwanawe aliyepotea, alikuja kuifuata njia hiyo hiyo, naye akawa mtawa.

Katika kituo chake hakuanza kwa kuwagombeza watu juu ya imani zao. Kilichimbwa kisima, na wanakijiji wakapata maji safi. Hilo mimi nimelipenda kuliko mahubiri. Hapa kwetu mtu akiweka mtungi wa maji ya sabili nje ya mlango wake hamwulizi mpita njia anasali wapi, na nadhani mama wa kijijini huko Garuga anayejaza dumu lake haulizwi pia.

Nilimwuliza Mzee Baharia yeye alilijulia wapi neno la mudita. Akanisimulia hivi. Meli yao ilikuwa Colombo mwezi wa Mei, ukiwa ni mwezi mpevu wa Vesak, sikukuu ambayo Wabuddha wa huko hukumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata nuru kwake na kufariki kwake. Mji ulikuwa umejaa taa za karatasi. Kando ya barabara watu wamejenga vibanda vya kugawa chakula, viitwavyo dansala, wengine wanagawa wali na mchuzi, wengine maji matamu, wengine chai na biskuti. Yeye na mwenzake wa Likoni walikuwa wakirudi bandarini. Kijana mmoja akajitokeza njiani, akawashika mikono, akawakalisha kwenye benchi.

"Nikatoa pesa," alisema Mzee Baharia. "Kijana akacheka mpaka akaita wenzake waje waone. Nikamwambia mimi Muislamu. Akasema, kwani njaa yako ni ya dini gani? Kisha akasimama ananitazama nikila. Bwana wee, nimekula katika nchi nyingi, sijapata kuona mtu akishiba kwa kumtazama mwingine akila. Nikamwuliza mkuu wao, huyu ana nini? Ndipo akanipa lile neno."

Mwisho wa simulizi alinyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na wali wenyewe ulikuwa na pilipili kama adhabu."

Basi nikaamua kujaribu. Naandika haya bila kujisifu, kwa maana ya kujisifu hakuna. Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilimrukia jirani yangu moja kwa moja, nikakaa kitandani usiku nikijilazimisha kuufurahia mlango wake. Matokeo ni kwamba niliuona mlango ule waziwazi zaidi, ua kwa ua, na usingizi ukaniruka. Buddhaghosa hakusema nianze huko.

Nikarudi mwanzo, kwa muuza kahawa. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, nilimfikiria yule bwana na kicheko chake, nikafurahi kwamba mtu kama huyo yupo duniani na kwamba anapita mtaani kwetu. Hiyo ilikuwa nyepesi kama kumeza hamri. Wiki ya pili nikatafuta mtu wa njiani, na nikaletewa bila kutafuta: binti wa shule nisiyemjua alikuwa akikimbia katika uchochoro, simu juu, anapiga kelele "Mama, nimepita!" Sauti iliruka ukuta hadi ukuta, wanawake wakatokeza vichwa kwenye roshani, na mmoja akapiga kigelegele pasipo kujua ni mtoto wa nani. Nilisimama pale nikiwa na mfuko wangu wa ndimu, nikaona kifua kimepanuka. Nikasema, kumbe ni hivi.

Kisha likaja la tatu, nami nikaanguka.

Jioni moja barazani ilipita habari kwamba kampuni ya yule kijana wa Doha imewapunguza watu na yeye yumo. Msomaji, nitasema kweli. Kabla ya masikitiko kufika, kabla sijasema "maskini", kitu fulani kilipita moyoni mwangu kwa wepesi, kama upepo wa kusi unaoingia dirisha likifunguliwa. Kilikuwa ni nafuu. Kilikaa muda wa kufumba na kufumbua, lakini nilikiona, na nilijua jina lake. Baadaye nikaja juu kwa huruma nyingi, nikasema maneno yote yanayofaa, hata nikajitolea kwenda kumwona babake. Watu waliniona mwema sana jioni ile.

Siku mbili baadaye ikajulikana habari ile haikuwa kweli. Aliyepunguzwa ni kijana mwingine, wa mtaa mwingine. Ndipo nikapata kujua huruma yangu ilikuwa ya bei gani.

Masheikh wetu hutenganisha hasadi na ghibta. Hasadi ni kutaka neema imwondoke mwenzako. Ghibta ni kutamani nawe upate mfano wake, yeye akibaki na yake, na hiyo si dhambi. Nilikuwa nimejidanganya miezi mingi kwamba yangu ni ghibta: namtakia mwanangu kazi, kuna ubaya gani? Ule wepesi wa jioni ile ulinionyesha nilikuwa upande gani wa mpaka. Na hata ghibta haijafika kwenye mudita, kwa sababu ghibta bado inahesabu.

Nimewaza pia juu ya lugha yetu. Kijicho, husuda, uhasidi, roho mbaya, jicho: kwa ugonjwa tuna majina tele. Kwa uzima sijapata jina moja. Tuna kitenzi tu, kumfurahia mtu. Mimi naona si upungufu mkubwa. Pengine jambo hili halikukusudiwa kuwekwa kabatini kama jina. Na tuna lile "Mashallah", ambalo kwetu limekuwa ngao, mtu hulisema ili asije akashukiwa jicho. Kati ya jicho kuona na mdomo kusema kuna nafasi ndogo sana. Yule kijana wa Colombo aliyesimama kutazama watu wakila, nadhani kazi yake yote aliifanya katika nafasi hiyo.

Mlango ulifika siku ya Jumamosi asubuhi. Gari haliwezi kuingia uchochoro wetu, kwa hiyo ulipakuliwa barabarani ukawekwa juu ya mkokoteni, na mkokoteni nao ukakwama kwenye kona ya tatu. Ilibidi watu waubebe. Jirani yangu alikuwa mbio huku na huko, amevaa kikoi na fulana, anawaambia watu waangalie nakshi, waangalie nakshi. Mwanangu alikuwa ametangulia kufika, tena alikuwa amekwisha ingia chini ya ubao wa mbele, anapiga makelele ya kuhesabu, moja, mbili, inueni. Sikumtuma. Nilipomwona anacheka na jasho likimtoka, nikafunga kanzu yangu kiunoni nikaingia nyuma yake.

Ni mbambakofi, kweli. Bega langu lajua.

Tulipoufikisha kizingitini tukautua ili tupumzike. Jirani yangu akaja akanishika mkono, hakupata maneno. Mimi nami niliutazama mlango, nikamtazama yeye, na lile neno likaja ulimini. Sikuliharakisha. Nililingoja kidogo nione linatoka wapi, na nusu yake naweza kuapa ilitoka mahali pake. Nusu nyingine bado sijui.

Kwenye kona vikombe vikalia. Muuza kahawa akatokeza, akauona mlango umelazwa njiani na watu wazima wameketi juu ya vizingiti vya watu wakihema, akacheka kwanza.

"Nani analipa?" akasema.